Nani Atarudi Kutueleza?

Katibu wa chama chetu cha ushirika wa kahawa, hapa Kilimanjaro, alikuwa amemaliza ajenda zote. Tulishafika kwenye "mengineyo", ile saa ambayo watu huanza kutafuta kofia zao chini ya viti, akachomoa karatasi moja ya mwisho kwenye faili.

"Kuna hii," akasema. "Yanatakiwa majina ya wakulima wanaojitolea kutuwakilisha kwenye vikao vya wadau wa kahawa. Mkulima hasa, siyo kiongozi wa chama. Na siku wakitafuta mkulima wa kupendekezwa kwenye Bodi ya Kahawa, wataanzia humo humo."

Ukumbi wa usharika, ambao kanisa hutuazima kwa mikutano, ukanyamaza.

Nje manyunyu yalikuwa yanapiga bati. Wazee walitazama sakafu. Tulikuwa watu sitini na kitu, na sidhani kama wenye umri wa chini ya miaka arobaini walifika watano. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu akanigusa bega.

"Mwanangu, wewe si umesoma? Sema basi."

Nikasimama bila kujua nitasema nini. "Naomba wiki mbili nifikirie," nikasema. Katibu akaandika jina langu kwa penseli pembeni ya karatasi, akafunga faili, tukasali, tukaondoka.

Leo ni wiki ya tisa.

Kadi yenye jina la baba

Swali la kwanza kuninyima usingizi lilikuwa fupi: je, mimi ni mkulima?

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Kwa mila zetu kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, humwendea mtoto wa kiume wa mwisho, na mdogo wangu yuko Mwanza na kazi yake na watoto wake. Ukoo ukakaa, ikakubaliwa kwamba mimi, binti, "nikitunze". Neno hilo nililisikia vizuri na sijalisahau. Kina miti 310 ya kahawa chini ya migomba. Mingine ni ya aina ya zamani iitwayo N39, aliyoipanda baba kabla sijaanza shule, mingine ni miche mipya ya kituo cha utafiti cha Lyamungo, inayostahimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda, na kutu ya majani. Napogoa mimi. Navuna mimi. Mvua ikianza usiku, ninayekimbia kufunika vichanja vya kuanikia kahawa ni mimi.

Lakini kadi ya uanachama ina jina la baba, na kila risiti ya mzani huandikwa jina la mtu aliyelala hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu, penye masale, mmea tunaoupanda makaburini na mipakani.

Nikamkumbuka mama. Nyumbani kwetu ndizi na maziwa vilikuwa vya mama, kahawa ilikuwa ya baba. Ila aliyechuma ni mama, na aliyezungusha mashine ya kumenyea kwa mwanga wa taa ya chemli ni mama, na aliyeosha ule ute kwa maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, alfajiri, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, ni mama. Siku ya malipo alikwenda baba. Sisemi hivi kumshitaki. Alikuwa baba mwema, na ada yangu ililipwa na kahawa hiyo. Ninachosema ni kwamba katika miaka yote ile, kama mtu angekuja kutafuta "mkulima" wa kaya yetu, asingepita jikoni kumuuliza mama.

Sasa nikienda huko kama mwakilishi wa wakulima, nimwakilishe mwenye kadi, au mwenye vidole vile?

Siku moja ya Oktoba

Anayelima kahawa anajua kwamba matunda yaliyochumwa leo humenywa leo. Ukiyalaza yanaanza kuchacha ndani ya gunia, na harufu hiyo itamfikia muonjaji hata kama kahawa itakaushwa vizuri kiasi gani baadaye. Kwa hiyo siku moja ya kikao Moshi mjini katikati ya msimu, au siku tatu za safari ya Dodoma, zinahesabika kwa debe. Ni debe ambazo hazikuchumwa, au zimechumwa na kibarua ambaye anatakiwa kulipwa jioni.

Nauli hurudishwa, na posho wakati mwingine ipo. Debe hairudi.

Basi anayeweza kujitolea ni nani? Ni mwenye pensheni. Ni mwenye mtoto anayetuma pesa. Ni mwenye shamba kubwa lenye msimamizi. Mimi naweza kwa sababu nafanya hesabu za maduka mawili mjini na siku zangu nazipanga mwenyewe. Mama aliyenigusa bega hawezi, ingawa anaijua kahawa kuliko mimi kwa miaka thelathini.

Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya nchi hii hutoka kwa wakulima wadogo. Sehemu kubwa yao hawawezi kukosekana shambani siku moja ya Oktoba. Watu wanaowazungumzia, kwa namna vikao vilivyopangwa, ni wale wanaoweza kukosekana. Jambo hili nililiona nikiwa nafua, nikakaa chini kwenye ndoo.

Kopo la baba mdogo

Baba mdogo aliwahi kuifanya kazi hii. Alijitolea mwanzoni mwa miaka ya 2000, bei ya dunia ilipoporomoka mpaka watu wa kwetu wakang'oa kahawa na kupanda nyanya. Alienda kwenye vikao misimu kadhaa, kisha akaacha. Pale kijijini ilisemwa, na mimi nikiwa binti nilisema pamoja na wengine, kwamba alikwenda kula posho. Alirudi na mkoba wa kitambaa wenye nembo, kofia na kalamu. Ndivyo tulivyojua.

Wiki ya tatu nikaenda kwake. Nilimkuta anapukuchua maharage.

"Baba, ule uwakilishi ulikuwaje?"

Hakunijibu. Aliingia ndani akakaa muda, akatoka na kopo la biskuti lenye kutu. Ndani mlikuwa na daftari la kurasa 96, mistari imeandikwa kwa herufi za shule ya zamani, zile zilizolala upande. Kila kikao kina tarehe, kina waliozungumza, kina swali lake, kina jibu alilopewa.

Nililisoma pale pale kwenye benchi mpaka giza likaingia.

Aliuliza kwa nini anayekausha vizuri na anayekausha vibaya hulipwa bei moja baada ya kahawa yao kuchanganywa. Aliuliza kwa nini bei ya mnada husikika redioni kabla ya kusikika kwenye chama. Aliuliza makato ya unyevu yanapigwaje kama kipimo kiko kiwandani na mkulima hayupo. Aliuliza nani analipa kahawa ikipungua uzito njiani kati ya ghala na mashine ya kukoboa. Maswali kumi na manne kwa jumla. Mbele ya kumi na moja ameandika maneno mawili yale yale:

*Hoja imepokelewa.*

"Na ulirudi kutueleza?" nikamuuliza.

"Nilirudi."

Mara ya kwanza akidi haikutimia. Mara ya pili walikuja watu tisa, wawili wakiwa wamemfuata kumdai. Mara ya tatu aliahidiwa dakika tano mwisho wa mkutano mkuu, mvua ikanyesha, watu wakakimbilia kahawa zao, naye akakimbilia yake.

"Kule juu walinisikia hawakunijibu," akasema. "Huku chini hamkunisikia kabisa. Nikaona nilime."

Alisema "hamkunisikia". Alinijumuisha, na alikuwa na haki.

Wiki zote zile nilikuwa najiuliza kama nitaweza kuzungumza mbele ya wanunuzi wenye takwimu za soko la kahawa la New York kwenye simu zao, wanaojua pauni moja ya uzito imefungaje bei jana, wakati mimi nimezoea kilo. Niliogopa upande mmoja tu wa barabara. Daftari lile lilinionyesha kwamba barabara ina pande mbili, na kwamba baba mdogo alikwama upande ambao ni wetu.

Waliotangulia

Mlima huu una kumbukumbu ndefu ya mambo haya. Mwaka 1925 wakulima Waafrika wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association), Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, wakati walowezi walipokuwa wanataka Mwafrika akatazwe kupanda kahawa, kwa madai kwamba miti yake italeta wadudu na wizi. Hakuna aliyewaalika kwenye kikao. Walijiita wenyewe. Mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha mlima huu.

Lakini kinachonirudia zaidi ni 1937. Mwaka huo wakulima wa mlimani walifanya ghasia, na hasira yao iliyaangukia maghala ya KNCU, chama ambacho kwa jina kilikuwa chao. Sheria ilikuwa inawalazimisha kuuza kupitia hicho tu, bei ilikuwa mbaya, na walihisi kwamba walio juu yao wanasema kwa niaba yao bila kuwauliza. Nimelifikiria sana. Ndani ya miaka kumi na miwili, uwakilishi uliozaliwa mikononi mwa wakulima wenyewe ulikuwa umeshaanza kuonekana mgeni machoni pao.

Tena hata siyo lazima wakulima wachukie ndipo chama kife. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa na serikali nchi nzima, na sheria ya 1982 ndiyo iliyofungua njia ya kurudi kwavyo.

Barua ya uteuzi

Kuna kitu kinanisumbua kuhusu bodi zenyewe, na nitakisema kwa heshima. Mwenyekiti wa Bodi ya Kahawa huteuliwa na Rais. Wajumbe wengine huteuliwa na Waziri wa Kilimo. Mkulima anayekaa pale anakaa kwa barua ya uteuzi, na barua ina pande mbili: Novemba 2018, katika sakata la korosho, bodi ya zao lile ilivunjwa kwa tamko moja, na wajumbe wote wakarudi makwao.

Sidai kwamba uteuzi ni ubaya. Mtu mzuri anaweza kuteuliwa. Ila najua moyo wa binadamu: mtu hutazama kule ilikotoka barua yake. Kama kwenye kijiji chake hakuna hata kumi wanaomsubiri jioni wamuulize "ulisema nini, wakasemaje?", atamtazama nani mwingine?

Nimejaribu kufikiria kura ya moja kwa moja, wakulima wamchague mjumbe wao wa bodi. Ningeipenda. Kisha nikakumbuka mkutano wetu mkuu, viti vitupu, na mgombea wa mwaka juzi aliyepita bila kupingwa kwa sababu wenzake walikuwa wanachuma. Kura bila watu ukumbini ingetuletea yule yule anayeweza kukosekana shambani.

Butura sijawahi kuiona

Shaka nyingine ilikuja nikiwa nimeshaanza kujishawishi.

Nikisema "wakulima wa kahawa", nasema akina nani? Mbinga na Mbozi, huko kusini, wanalima kahawa ya arabika kama sisi, lakini mashamba yao ni mapana na kwao kahawa bado ni zao la vijana. Huku kwetu vihamba vimegawanywa mpaka kaka na kaka wanapishana kwa uzio wa masale. Kagera wanalima robusta, aina nyingine ya kahawa, wanaanika tunda zima na ganda lake, na wana donda ambalo mimi sijawahi kuliona kwa macho: butura. Mtu ana mgonjwa, au ana ada ya mtoto, anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, na mavuno yakija si yake tena.

Mtu wa Kilimanjaro atasema nini juu ya butura? Akinyamaza, amewaacha wenzake. Akisema asichokijua, amewaharibia.

Nilimpigia rafiki niliyesoma naye chuo, anatoka Muleba. Tulizungumza saa nzima na nusu. Aliniambia jambo moja ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: kwamba watu wa vikao hupenda kulaani butura kama tabia mbaya ya mkulima, wakati kwa shangazi yake ilikuwa ndiyo benki pekee iliyokuwa na mlango wazi usiku mtoto alipozidiwa. Akasema, "Ukienda, usiseme butura ikomeshwe. Uliza kwanza mkopo wa dharura uko wapi."

Bila simu ile ningeenda kusema ikomeshwe.

Kijana mwenye simu

Na kuna mambo yanayoamuliwa mbali sana, yakatufikia yakiwa yamevaa sura ya kijana mpole mwenye simu.

Mwaka jana kijana wa namna hiyo alikuja kihambani. Alisalimia vizuri, akasimama katikati ya migomba, akabonyeza, akachukua alama ya setilaiti ya mahali tulipo, akauliza jina la mwenye shamba. Nikamtajia jina la baba, kwa sababu ndilo lililo kwenye kadi. Akaandika, akaenda kwa jirani.

Baadaye nikaelewa ni ile sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, inayotaka kahawa iingiayo kwao ithibitishwe kwamba haikutoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini ramani zimeendelea kuchorwa. Kwa shamba dogo kama langu nukta moja inatosha.

Kihamba chetu kina miti mitatu ya kivuli, miringaringa, iliyokuwa mikubwa tayari babu alipokuwa mvulana. Kahawa yetu haijawahi kuishi pasipo kivuli. Siogopi kuchunguzwa. Lakini nina maswali, na sikuwa na pa kuyapeleka. Ramani ya kihamba chetu sasa ni ya nani? Akibadilika mnunuzi, chama kinabaki nayo au anaondoka nayo? Gharama ya kazi ile itakatwa wapi, kwenye bei ya nani? Na nukta ile, yenye jina la marehemu, itamtambua nani siku watakapotaka kuthibitisha?

Kwenye makato yetu nauona ushuru wa halmashauri wa asilimia 3, maana una mstari wake. Gharama hii sijaona mstari wake popote, na ninaogopa makato yasiyo na mstari.

Februari mwaka 2025 arabika ilivuka dola 4 kwa pauni huko New York, kiwango ambacho ilikuwa haijawahi kukifikia kabla ya hapo. Jirani zangu walifurahi, mimi pia. Msimu mzuri kama ule ndio unaofaa kuuliza maswali haya, watu wakiwa hawana njaa. Bei ikianguka, atakayeuliza ataambiwa ashukuru kwa kidogo anachopata.

Penseli

Wiki ya saba nilimrudia katibu. Nikamwambia nakubali jina liandikwe kwa wino, kwa sharti.

Sharti lenyewe: kabla ya kila kikao nipewe nafasi nikae na wakulima, siyo kwenye mkutano mkuu ambako akidi hutushinda, bali kwenye vitongoji, jioni, mahali watu walipo. Na baada ya kila kikao, hivyo hivyo. Wanaochuma waitwe hata kama kadi si zao. Majibu niliyopewa yabandikwe ukutani penye mzani, na penye "imepokelewa" paandikwe "imepokelewa", kila mtu aone.

Katibu alinitazama kwa muda. Ni mtu mzuri, amechoka. Akasema hana fungu la vikao vya vitongoji.

Nikamwambia sihitaji fungu, nahitaji ruhusa.

Hajanijibu bado. Jina langu liko kwa penseli mpaka leo.

Ila juzi Alhamisi sikusubiri. Niliwaita wa kitongoji chetu kwenye vichanja vyangu saa kumi na moja jioni, nikachemsha chai, nikamwomba baba mdogo aje na kopo lake. Walikuja watu kumi na moja, wanawake wakiwa wanane. Baba mdogo akafungua daftari na kuyasoma yale maswali kumi na manne kwa sauti, moja baada ya jingine, miaka ishirini na zaidi baada ya kuyauliza. Sauti ilimtetemeka mwanzoni. Alipofika kwenye lile la unyevu, yule mama aliyenigusa bega ukumbini akamkatiza.

"Hilo bado lipo," akasema. "Juzi nimekatwa. Kipimo sikukiona. Wewe waliwahi kukujibu?"

"Hapana," akasema baba mdogo.

Mama akanigeukia. "Andika."

Nikafungua ukurasa mpya baada ya ule wa mwisho aliouandika yeye, nikaandika tarehe, nikaandika jina lake kamili mama yule, ambalo nilikuwa silijui mpaka jioni ile, kisha nikaandika swali.